Gego la Utoto Lililooza Hadi Kwenye Kiini

“Daktari, jino hili si litang’oka lenyewe?” Karibu kila mzazi anayeambiwa kwamba gego la mwanawe limeoza hadi ndani huuliza hivyo. Ni swali la haki, hasa likitoka kwa mzazi wa Bukundi, wilayani Meatu. Kumfikisha mtoto kwa daktari wa meno, iwe Mwanhuzi au Bariadi, kunamgharimu nauli ya watu wawili na siku nzima ya kuacha shamba la pamba au mifugo. Jibu hutegemea ni jino lipi, mtoto ana umri gani na, zaidi ya yote, kama kiini cha jino hilo bado kiko hai.

Mtoto ana meno 20 ya utoto. Ya mbele huanza kung’oka akiwa na miaka sita au saba, na hayo ndiyo wazazi wengi huyafikiria wanapouliza. Magego hayana haraka hiyo. Gego la mwisho la utoto hukaa kinywani hadi miaka 10, hata 12, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano bado atalitafunia ugali na michembe kwa muda mrefu kama ule aliokwisha kuishi. Kazi yake ya pili haionekani: linamshikia mrithi wake nafasi. Likiondoka mapema, gego kubwa la nyuma husogea mbele, na jino la ukubwani hukosa mahali pa kuotea, likapinda au likabaki ndani ya ufizi.

Ndani ya kila jino mna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiini. Katika jino la utoto ukuta unaokizunguka ni mwembamba, na chumba chenyewe ni kikubwa ukilinganisha na jino lote. Ndiyo maana tundu linaloonekana dogo kwa nje huweza kuwa limekwisha kufika ndani. Jambo hili huwapotosha hata watoa huduma wenye uzoefu. Kuna pia upotofu wa upande wa pili: katika ukanda huu wenye visima vya floridi nyingi, madoa ya kahawia kwenye jino zima si lazima yawe kuoza. Jino lenye madoa lakini gumu, lisilo na tundu, halihitaji tiba ya kiini.

Hali ya kiini hujulikana kwanza kwa kumsikiliza mzazi. Mwulize maumivu huja lini. Yakija mtoto anapokula kitu kitamu au kunywa maji baridi, kisha yakapoa mara kitu hicho kinapoondolewa, kiini kimechokozwa tu na kina nafasi kubwa ya kupona. Maumivu yanayoanza yenyewe na kumwamsha mtoto usiku yana maana nyingine: uvimbe wa ndani umevuka mpaka, au kiini kinakufa. Hatua inayofuata ndiyo hatari zaidi, kwa sababu maumivu hukoma. Familia hushukuru kwamba jino limepona, kumbe kiini kimekufa, na baada ya wiki au miezi kipele cha usaha huchomoza kwenye ufizi. Nikiambiwa “liliuma sana mwezi uliopita, sasa limeacha”, huinua mdomo wa mtoto na kutafuta kipele hicho kabla ya kutazama jino.

Kuoza kukifikia kiini ambacho mizizini bado ni kizima, tiba ni kukata sehemu ya juu tu ya kiini na kuiacha ya mizizini ikiwa hai. Wataalamu huiita pulpotomi. Mtoto huchomwa ganzi, uozo huondolewa, paa la chumba hufunguliwa na nyama iliyo ndani hukatwa hadi kwenye midomo ya mizizi. Kisha pamba yenye unyevu hukandamizwa hapo kwa dakika chache, na damu ndiyo itakayotoa hukumu. Ikikatika, mizizi ni mizima. Ikiendelea kutoka, nyekundu nzito, uvimbe umeshuka chini na mpango lazima ubadilike. Damu ikikatika, dawa huwekwa juu ya mabaki ya kiini, jino huzibwa na, inapowezekana, huvikwa kofia ya chuma kisichoshika kutu. Yote hufanyika kwa ziara moja, sifa kubwa kwa anayetoka mbali. Kuhusu dawa yenyewe, fomokresoli ilitumika kwa miongo mingi, lakini ina fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliitangaza kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Penye uwezo, saruji za kalsiamu silikati ni bora, ingawa bei yake ni kubwa.

Kiini kikiwa kimekufa chote, mizizi huweza kusafishwa na kujazwa dawa inayoyeyuka pamoja nayo. Tiba hiyo hudai picha ya eksirei na ufuatiliaji. Kwa mtoto ambaye sina hakika kwamba atarudi, mwenye usaha na jino linalolegea, mimi hung’oa, na sioni kwamba nimeshindwa. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo unaomweka katika hatari ya maambukizi ya moyo hang’ang’aniziwi jino la utoto lenye kiini kibovu. Mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kanda ya Ziwa, naye asiachwe na usaha mdomoni, kwani maambukizi huweza kumletea maumivu makali ya mwili mzima.

Yapo mengi yanayowezekana kabla ya kufika huko, na mojawapo lilianzia hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzishwa Tanzania mbinu ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma, bila mashine wala umeme. Shirika la Afya Duniani liliitangaza Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Mbinu hii hufaa tundu ambalo halijafika kwenye kiini. Kuziba juu ya kiini kilichokufa ni kufungia usaha ndani.

Katika zahanati isiyo na mtaalamu wa meno, mpeni mtoto parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kila dozi, isizidi dozi nne kwa siku. Antibayotiki haitibu kiini kinachouma. Itunzwe kwa mtoto mwenye homa au uso uliovimba, naye apewe rufaa. Vidonge vilivyosagwa visiwekwe ndani ya tundu, huunguza ufizi. Uvimbe unaofunga jicho, unaoshuka chini ya taya, au unaomzuia mtoto kumeza na kupumua ni dharura ya siku hiyohiyo, haisubiri siku ya kliniki. Na kabla mzazi hajalipa nauli, mtoa huduma apige simu kuuliza kama mtaalamu yupo na kama vifaa vya watoto vipo.

Nimeliacha mwisho jino linalonisikitisha kuliko yote. Karibu na miaka sita, mtoto akiwa darasa la kwanza, gego jipya huota nyuma kabisa ya magego ya utoto bila jino lolote kung’oka kumpisha. Kwa kuwa hakuna kilichong’oka, wazazi hulidhani la utoto, na likioza huachwa au hung’olewa. Hilo ni la maisha, na mizizi yake huchukua takriban miaka mitatu tangu kuota ili ikamilike. Kiini chake kikihifadhiwa hai, hata sehemu tu, mizizi huendelea kukua na kuimarika. Kwa hiyo hesabuni kutoka katikati ya kinywa kuelekea nyuma: la kwanza hadi la tano ni sehemu za meno ya utoto, la sita ndilo hilo. Mtoto mwenye tundu kwenye la sita aandikiwe rufaa hata kama halimuumi, na barua itaje jino hilo kwa namba.