Sayari Jirani: Tufungashe?

Kila ikitangazwa "sayari kama Dunia", utasikia mtu hosteli anasema tuhame. Ngoja kwanza. Proxima b, iliyotangazwa 2016, inaizunguka nyota iliyo karibu zaidi na Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.2. Wataalamu hawakuiona, waliona nyota yake ikiyumba kidogo kila siku 11, ikivutwa na sayari. Wakapiga hesabu: kwa umbali uliopo kati yao, maji yanaweza kubaki maji, yasigande yote wala kukauka. Yanaweza tu! Nyota hiyo hulipuka mara kwa mara, na huenda miali yake imeshaifagia hewa. Bila hewa, maji hayakai. Kwa hiyo ukisoma "inakalika", uliza: hewa yake imepimwa? Na usafiri je? Kwa kasi ya chombo Voyager 1, ni zaidi ya miaka 70,000 njiani.