Bei ya Kumfunga Kijana California

Mpaka mwaka 1996, kaunti ya California iliyompeleka kijana kwenye magereza ya vijana ya jimbo ilitozwa dola 25 kwa mwezi. Kiwango hicho hakikuwa kimeguswa tangu 1961. Kijana huyohuyo angebaki kwao chini ya uangalizi, akapewa mshauri na nafasi ya kusoma, gharama ingeiangukia kaunti. Kufunga kulikuwa rahisi kuliko kulea, na mwaka huo wafungwa vijana walifika takriban 10,000.

Ndipo sheria ikabadilisha bei. Ada ilipanda hadi dola 150 kwa mwezi, na kwa makosa madogo kaunti ikabebeshwa asilimia 50, 75 au hata 100 ya gharama halisi. Idadi ikaanza kushuka. Mwaka 2007 Bunge la jimbo likafunga mlango zaidi: wenye makosa mazito tu ndio wangepokelewa, na kaunti zilizobaki na wengine zikapewa dola 117,000 kwa kila kijana. Kufikia 2020 walikuwa chini ya 800. Bei haikufanya kazi hiyo peke yake. Uhalifu wa vijana ulipungua, na kesi iliyofunguliwa na mlipakodi mwaka 2003 ilianika ukatili uliokuwa ndani ya kuta zile.

Hata hivyo, majengo na walinzi hawapungui kwa kasi ya wafungwa. Gharama ya jimbo kwa kijana mmoja ilizidi dola 300,000 kwa mwaka, ilhali kuanzia 2012 kaunti ilitozwa 24,000: chini ya senti 8 katika kila dola. Wazazi nao waliletewa ankara za siku ambazo watoto wao walilala mahabusu, mpaka zilipopigwa marufuku Januari 2018. Kumdai mama maskini fedha za kitanda ambacho hakukiomba ni jambo ambalo halikupaswa kuwepo hata siku moja.

Sheria ya mwaka 2020, SB 823, iliamua kuyafunga magereza hayo. Milango ya mwisho ilifungwa Juni 30, 2023, na jukumu likahamia kwa kaunti 58. Hesabu iliyowekwa ya fedha ambazo jimbo lingezipa kaunti ni dola 225,000 kwa kijana kwa mwaka, kama dola 616 kwa siku. Kwa makadirio ya vijana 928, jumla ni dola milioni 208.8 kila mwaka kuanzia mwaka wa fedha 2024/25.

Fedha ni nyingi, ila tazama zilivyogawanywa katika miaka mitatu ya mwanzo. Asilimia 30 zilifuata idadi ya vijana ambao kaunti ilikuwa imewafunga kwenye magereza ya jimbo. Asilimia 50 zilifuata waliopatikana na hatia ya makosa mazito. Zilizobaki, asilimia 20, ndizo zilizofuata idadi ya watoto wote wa miaka 10 hadi 17 katika kaunti. Yaani katika kila dola 225,000, dola 180,000 zilikwenda palipokuwa na hukumu na vifungo, na 45,000 tu palipokuwa na watoto. Kaunti iliyohangaika miaka mingi kuwaweka vijana wake nje ya magereza ilipata kidogo; iliyokuwa ikiwapeleka kwa makundi ilipata zaidi. California ilikuwa imeshajionea, tangu enzi ya zile dola 25, jinsi kaunti zinavyoifuata bei.