Vidole vitano vilinirudisha darasani

Nilipoanza kazi ya uuguzi jijini Kampala, nilidhani mgonjwa wa saratani asiyelia hana maumivu. Aliyenirekebisha ni sista mmoja mkongwe wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu.

“Mwanangu, usisubiri machozi. Mwambie akuonyeshe kwa mkono,” alisema kando ya kitanda cha mama mmoja. Ngumi ni kutokuwa na maumivu. Vidole vitano ni maumivu makali kupita yote.

Mama yule, aliyekuwa kimya siku nzima, aliinua vitano.

Tangu mwaka 2004, sheria ya Uganda inamruhusu muuguzi aliyesomea huduma hii kuandika mofini ya kunywa. Mimi sikuwa nimeisomea, hivyo nilisimama tu. Sista ndiye aliyeandika: mofini kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo. Usiku ule mama alipata usingizi.

Wiki hiyo hiyo niliomba nafasi ya kurudi darasani.

Leo naandika mofini mwenyewe, na bado nasoma. Nikipewa mwanafunzi, somo la kwanza ni la vidole.