Kalamini ndani ya motere: dawa ya chupa inasafisha wapi, na wapi inaharibu?

Ukizoea kusimama kwenye parking za taxi hapa Bukavu, umekwisha kusikia hili shauri: "Gari haipandi? Weka dawa tu." Dawa yenyewe ni chupa ndogo ya kumwaga ndani ya tangi ya esanse, ao ile ya kupuliza yenye kamrija kadogo. Wenye magari wananunua haraka, juu chupa moja ni bei ndogo kuliko kufungua motere. Mara ingine inasaidia kweli. Mara ingine pesa inapotea bure. Na kuna mara motere yenyewe inakufa.

Mkubwa wangu alipata hiyo ya mwisho. Alikuwa anaendesha Noah ya watu kwenye barabara ya Kavumu, na kila jioni anampelekea patroni pesa yake. Gari ikaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu kwenye mipando. Akamwaga chupa mbili ndani ya tangi, hakuna mabadiliko. Basi kwenye garaji moja wakatoa mabuji, wakamwaga dawa nyingi juu ya mapistoni ili ilainishe uchafu usiku mzima. Asubuhi mwanafunzi wa garaji akarudisha mabuji bila kutoa ile dawa kwanza, akawasha. Kukasikika kitu kama nyundo, motere ikasimama. Biele moja ilikunjika. Maji ao mafuta hayabanwi kama hewa: pistoni ikipanda ikutane nayo, chuma ndicho kinakunjika. Mkubwa wangu alikaa bila kazi, na deni ya patroni juu yake.

Tangu siku ile nimekuwa nauliza mafundi: hii kalamini inatoka wapi, na dawa inafika wapi?

Kalamini ni ule uchafu mweusi na mgumu unaobaki pale esanse, mazutu ao wile haikuungua vizuri. Inajikusanya juu ya pistoni, kwenye supapi, kwenye midomo ya enjekteri, kwenye mlango wa hewa (mafundi wanaita papiyo), na kwenye vani ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya motere. Hakuna motere isiyotengeneza kalamini hata kidogo. Shida ni pale inakuwa nyingi.

Hapa kwetu sababu hazikosi. Gari inakwenda kidogo, inasimama, inakwenda tena, hasa saa ambapo avenue Lumumba imefungana. Motere haipate nafasi ya kupata moto vizuri. Wakati wa kiangazi vumbi inaziba filtri ya hewa. Esanse ya kwenye bido, ile ya Kadafi, inaweza kuwa imechanganywa na petroli ya taa. Tena wengi wetu tunasukuma wile mpaka inakuwa kama lami.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanasahau, ni huu mlima wetu. Ziwa Kivu peke yake liko kwenye metre 1,460 juu ya bahari, na kata nyingi za mji zinapita 1,500. Hewa hapa ni nyepesi, imepungua karibu 15 kwa mia ukilinganisha na Dar es Salaam ao Mombasa. Motere ya zamani yenye karbirateri, kama ilitengenezwa kwa ajili ya pwani na haijarekebishwa, inapata esanse nyingi kuliko hewa, na kalamini inazaliwa. Motere yenye kompyuta inajipunguzia esanse yenyewe, lakini nguvu nayo inapungua. Kwa hiyo gari iliyofika mpya kutoka bandarini ikaonekana dhaifu kwenye mpando wa Kadutu, ao kwenye Ngomo ukitoka Kamanyola, inaweza kuwa haina ugonjwa wowote. Dawa haiwezi kukuongezea hewa.

Mbele ya kununua chupa, angalia moshi. Ukiwa mweusi, esanse ao mazutu ni nyingi, ao hewa ni kidogo: anza na filtri, ni kitu cha dakika tano. Ukiwa wa bluu, ni wile inaungua. Segma zimechoka ao mipira ya supapi imekauka, na hapo kalamini itarudi hata ukisafisha kila mwezi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata motere ikiisha pata moto, na maji yanapungua kwenye radiateri, hapo tazama kilase na joint yake. Mtu wa moshi wa bluu anayenunua dawa ya kalamini, mimi namuona kama mtu anayepangusa maji chini na nyumba inavuja juu.

Sasa dawa. Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba dawa inasafisha tu mahali inapopita. Ile ya tangi inafuata njia ya esanse: inafika kwenye enjekteri, kisha ndani ya chumba cha moto. Kwenye motere nyingi za esanse enjekteri inarusha nyuma ya supapi ya kuingiza hewa, basi supapi nayo inaoshwa. Dawa nzuri za namna hii zina kitu kinaitwa polietaramini, ambacho kwenye karatasi ya chupa kinaandikwa mara nyingi kwa herufi tatu, PEA. Kinavumilia moto wa ndani, ndiyo maana kinaweza kulainisha uchafu ulioko kwenye pistoni. Kinafanya kazi polepole, tangi moja ao mbili, na kinaomba gari itembee njia ndefu, siyo kuzunguka Nyawera tu.

Lakini Noah ya mkubwa wangu haikuwa ya namna hiyo. Noah nyingi za mwaka 2001 hadi 2007 zina motere ya D-4. Hizo herufi ziko juu ya kifuniko cha motere ukifungua kapo. Mitsubishi ilianza namna hiyo mwaka 1996 ikaiita GDI, na Toyota ikaleta D-4 yake mwaka uleule. Ndani yake enjekteri inarusha esanse moja kwa moja ndani ya chumba cha moto. Esanse haigusi mgongo wa supapi hata siku moja. Mvuke wa wile na moshi wa EGR vinapita pale, vinaganda, na hakuna cha kuviosha. Unaweza kumwaga chupa kumi ndani ya tangi, supapi itabaki na koti lake jeusi. Zile chupa mbili za mkubwa wangu zilipita mbali na ugonjwa.

Kwa motere kama hiyo, ao kwa mlango wa hewa uliojaa uchafu, inatumika dawa ya kupuliza. Njia ya salama ni kufungua bomba la hewa, motere imezimwa, na kupangusa papiyo kwa kitambaa kilicholowa. Papiyo ya umeme usiisukume kwa kidole na kontakti imewashwa. Na kile kifaa cha kupima hewa, kilicho karibu na filtri, usikipulize dawa ya karbirateri: waya zake ni nyembamba sana, zina dawa yake peke yake. Baadaye motere inaweza kuzunguka juu kidogo kwa muda, mpaka kompyuta ijizoeze tena.

Wamoja wanapuliza motere ikizunguka. Inawezekana, lakini kidogo kidogo, kwa vipindi vifupi, na kompresa ya turbo isiwe njiani. Kama supapi zimefungana kabisa, hakuna chupa ya kuokoa: wanatoa bomba zote za kuingiza hewa, wanafunga supapi za silinda ile, wanalowesha, wanakwangua kwa mkono, wananyonya uchafu wote. Ni kazi ya siku nzima. Na kama ni pistoni zimeloweshwa, mabuji yanabaki nje, motere inazungushwa kwa demareri mpaka hakuna tone linaloruka, kisha unabadilisha wile na filtri yake mbele ya kuwasha, juu dawa imekwisha teremka chini na kuifanya nyepesi.

Nimalizie na wale wanaoshika hizi dawa kila siku, hasa watoto wa garaji. Baadhi ya dawa za kupuliza zina dikloromethane. Ukivuta mvuke wake, mwili unaugeuza kuwa monoksidi ya kaboni, ile gesi ya jiko la makala inayoua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Mwaka 2024 ofisi ya mazingira ya Marekani ilikataza sehemu kubwa ya matumizi yake. Dawa za kusafisha freni zenye klorini ni mbaya zaidi karibu na moto: zikipata joto kali ao cheche za kulehemu zinaweza kutoa fosijene, gesi iliyotumiwa kuua askari katika vita vya kwanza vya dunia. Kwa hiyo usiruhusu mtu kupuliza dawa ya freni ndani ya motere inayozunguka, hata kama ndiyo pekee iliyoko dukani. Fanyeni kazi nje, na glavu. Na ule mchanganyiko mweusi unaobaki uwekwe ndani ya bido, siyo kwenye mfereji: kutoka Kadutu mifereji inateremka mtoni Kawa, na Kawa inaingia ziwani.

Noah ilipata motere ingine ya kukuukuu, D-4 vilevile. Siku hizi mkubwa wangu anabadilisha wile kwa wakati, na filtri ya hewa anaipiga vumbi kila juma.