Neno 'uvimbe' limebebeshwa mzigo mzito katika faili la mgonjwa

MGONJWA anaingia kliniki na kumwambia daktari: "Nina uvimbe hapa mgongoni." Kwa mizani ya sarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kwa mizani ya tiba, haijasema mengi. Uvimbe huo waweza kuwa jipu linalotunga usaha, donge la mafuta chini ya ngozi, kovu lililofura au saratani. Daktari atauliza maswali, atabonyeza, pengine atakata kipande kipelekwe maabara. Mwishowe ataandika msimbo.

Msimbo huo ndio ninaotaka tuutazame leo, kwa kuwa unatufunza jambo kuhusu msamiati wetu wa ngozi. Hospitali kote duniani huyaandika maradhi kwa herufi na tarakimu zinazofuata Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, maarufu kwa kifupisho ICD. Mzizi wake ni orodha ya visababishi vya vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha mjini Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichukua jukumu la kuusimamia mwaka 1948. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, ila mifano yangu nitaitoa katika toleo la 10, kwa sababu herufi zake ni rahisi kufuata.

Hebu tuurudie ule uvimbe wa mgongoni. Ukiwa ni jipu, msimbo ni L02. Ukiwa donge la mafuta, ni D17. Kovu lililofura kupita mipaka ya jeraha huandikwa L91. Saratani ya ngozi inayoanzia katika chembe zinazoipa ngozi rangi ni C43, na saratani nyingine za ngozi ni C44. Na iwapo daktari ameona tu kwamba pamefura na bado hajajua kwa nini, kuna R22, yaani uvimbe ambao haujapewa jina. Neno moja la Kiswahili limegawika mara sita!

Si ati Kiswahili ni maskini. Jipu, kovu, donge, chunjua, sugu, lengelenge, chunusi, harara: hazina tunayo. Tatizo ni kwamba tumeliachia neno 'uvimbe' kazi ya maneno mengi. Kamusi na wafasiri hulitumia kwa mguu uliojaa maji, kwa nyama iliyoota isiyo na madhara, na kwa saratani yenyewe. Matokeo ni mawili, na yote mabaya. Mwenye donge la mafuta anaambiwa ana uvimbe, naye anarudi nyumbani akijua ni kansa na kuanza kuaga jamaa. Mwenye saratani anaambiwa neno lilo hilo, naye anakanda kwa maji moto akingoja ushuke.

Mfano wa pili ni upele. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha, na upele waliokusudia ni ule unaowasha mpaka mtu akose usingizi. Huo husababishwa na kidudu kidogo mno kinachochimba ndani ya ngozi, na msimbo wake ni B86. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, mtu akitokwa na vijipu vidogo vya aina yoyote husema, "Nimetoka upele." Tena ukurutu, ambao wengi huutaja kwa ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha na kupasuka, wapo wanaoutumia pia kwa upele. Ukurutu wa ngozi kavu una misimbo ya L20 na hauambukizi. Upele wa kidudu huambukiza, na dawa yake hupewa watu wote wanaoishi pamoja hata kama hawajikuni. Basi fikiria mama aliyemleta mtoto mmoja, neno likaeleweka visivyo, msimbo wa L20 ukaandikwa. Mtoto atapakwa mafuta, na wenzake wanaolala naye kitanda kimoja wataendelea kuambukizana.

Mfano wa tatu ni baka. Baka jeupe linalotokana na ngozi kupoteza rangi yake, ambalo wengi huliita mbalanga, huandikwa L80. Haliambukizi mtu. Baka la ukoma, A30, huwa limefifia rangi au jekundu kidogo, na mara nyingi limekufa ganzi. Anayeyachanganya hayo mawili mtaani anaweza kumfanya jirani atengwe bure. Anayeyachanganya kliniki anaweza kumnyima mgonjwa wa ukoma dawa ambazo zingemponya kabla ya vidole kuharibika.

Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za WHO. Kwa hiyo neno la mgonjwa wetu hupita kwanza katika tafsiri, kisha ndipo ligeuzwe kuwa msimbo. Hapo katikati ndipo wafasiri hutuletea vioja. Nimesoma vijikaratasi vya afya vinavyozungumzia "ukuaji wa ngozi" vikimaanisha kitu kilichoota juu ya ngozi. Ukuaji ni wa mtoto na wa mahindi. Watu wenyewe husema "nyama imeota" au "kinyama", na sioni sababu ya kuliacha neno hilo lililo hai.

Hoja yangu ni kwamba uwezo wa Kiswahili wa kutofautisha maradhi ya ngozi umo zaidi katika vitenzi kuliko katika nomino. Jipu huiva na kutumbuka. Chunjua huota. Sugu hujenga pale kiatu kinapobana au jembe linaposugua. Ngozi hubabuka, huchubuka, hupasuka, huwasha, hufa ganzi. Kitenzi hueleza jinsi jambo lilivyoanza na linavyokwenda, na hilo ndilo daktari analolitafuta kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Chunjua na sugu za unyayoni hufanana machoni, lakini moja huletwa na virusi, B07, na nyingine na msuguano, L84. "Imeota" na "imejenga" ni vitenzi vinavyoanza kuzitenganisha.

Ningependa wanaleksikografia wetu wakae na madaktari wa ngozi wayagawe majukumu ya maneno haya. Napendekeza 'uvimbe' libaki kwa kilichofura tu, 'kinyama' litumike kwa kilichoota, na 'saratani' litamkwe waziwazi pale maabara inapothibitisha. Kufunika saratani kwa neno 'uvimbe' si adabu.

Kabla ya hayo kufanyika, msomaji, ukienda kliniki usiishie kwa jina la ugonjwa. Eleza kilianza lini, kimeota au kimevimba, kinawasha au kimekufa ganzi, kimebadilika rangi au kinatoa damu. Na usidharau alama nyeusi inayotanuka katika unyayo au chini ya ukucha. Kwa watu weusi, saratani ya C43 hupenda kuanzia huko, tena bila maumivu, na wengi huiita tu alama.