Fimbo ya Zakaria na Mapenzi ya Rosa

Tunapohakiki Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, wengi wetu huimba wimbo mmoja: Zakaria alimchapa bintiye kwa sababu ya barua ya Charles, na Rosa alipopata uhuru akawaangukia wanaume. Malezi ndiyo yaliyomjenga mhusika. Nami niliwahi kuandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama nzuri tu.

Likizo moja nilikwenda na riwaya hiyo nyumbani Mgwashi. Jioni, ukungu umeshuka, tumekaa jikoni, nikamsimulia shangazi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Basi mwanangu, na kijana asiyetamani wanawake kabisa, naye kachapwa na nani?"

Alikuwa na mtu mawazoni. Yuko mama aliyeambiwa miaka yote kwamba alimdekeza mwanawe, eti ndiyo maana. Nikaona nadharia yangu ya mtihani inamhukumu mama yule.

Jamani, tumechanganya mambo mawili. Mtu anavutwa na nani ni jambo moja. Anaubebaje mvuto huo, kwa woga, kwa pupa au kwa kujificha, ni jambo jingine. Fimbo ya Zakaria ilifanya kazi katika hili la pili. Kabla ya kuchapwa, moyo wa Rosa ulikuwa kwa mvulana. Baada ya kuchapwa, bado ulikuwa kwa wanaume. Kilichovunjika ni uwezo wake wa kukubali na kukataa bila hofu.

Kuhusu lile la kwanza, hata Freud, tunayependa kumtaja kila pahali, aliyetafuta chanzo katika uhusiano wa mtoto na wazazi, alimwandikia mama mmoja wa Marekani mwaka 1935 kwamba ushoga si ugonjwa wala si jambo la kuonea aibu. Bailey na wenzake, walipopitia tafiti zilizokuwapo (2016), walikuta ushahidi wa vyanzo visivyo vya kijamii una uzito kuliko ule wa malezi. Uchunguzi wa vinasaba vya watu karibu 500,000 (2019) nao haukuona kinasaba kimoja kinachoamua. Vinachangia vingi, kila kimoja kidogo sana, na huwezi kumpima mtu ukabashiri.

Nilimweleza shangazi hayo, nusu Kiswahili, nusu Kishambaa changu kibovu. Akachochea moto.

"Mimi," akasema, "nilikuwa mmoja wa waliomwambia."