Mahali pa Kunolea Katika Karakana Yetu

Mkononi mwangu wa kushoto, chini ya kidole gumba, pana kovu. Nililipata Kidato cha Pili, nilipokuwa nikichimba tundu katika mguu wa kiti cha mninga. Patasi yangu ilikuwa butu. Niliisukuma kwa nguvu zote, ikateleza, ikaukuta mkono niliouweka mbele yake.

Watu wengi hudhani kwamba chombo kikali ndicho cha hatari. Sivyo. Patasi kali huutii mkono. Patasi butu hutaka nguvu, na nguvu zikizidi mkono hauitawali tena.

Kwa nini basi tulitumia vyombo butu? Kinoo kilikuwako, lakini kilikaa kabatini, nacho kimebonyea katikati kama mtumbwi. Aliyetaka kunoa ilimpasa kuomba ufunguo, kutafuta mafuta, na kuzuia jiwe lisiteleze mezani. Kipindi kilikwisha kabla hajaanza. Kwa hiyo muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tulimwomba Mwalimu ruhusa ya kutengeneza mahali pa kunolea.

Kwanza tulichagua meza iliyo karibu na dirisha, maana asiyeona makali hawezi kuyanoa. Tuliiweka mbali na meza za kupigia randa, ili chenga za jiwe zisiingie katika mbao. Pili, tulikisugua kinoo juu ya saruji iliyo sawa, kwa mchanga na maji, hata bonde lake likaisha. Tatu, tulikitengenezea kisanduku chenye kifuniko, tukakipigilia mezani. Kando yake pana kopo la mafuta mepesi, kitambaa, ukanda wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao, na vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kwa pembe ya digrii 25 na 30.

Kunoa kwenyewe ni hivi. Makali yakiwa yamemeguka, huchongwa upya kwa digrii 25 juu ya jiwe la kuzunguka. Hapo chovya chuma katika maji mara kwa mara, kwani kikigeuka rangi ya buluu ugumu wake umekwisha. Kisha tia mafuta juu ya kinoo, inua patasi hata digrii 30, uisukume na kuirudisha bila kuyumbisha mkono, ukitumia upana wote wa jiwe. Punde utahisi uzi mwembamba wa chuma upande wa nyuma. Geuza, laza mgongo wa patasi sawasawa juu ya jiwe, uuondoe uzi huo. Malizia kwa kuivuta juu ya ngozi, makali yakifuata nyuma. Usijaribu kwa kidole. Jaribu kwa karatasi.

Siku hizi mtu hunoa kwa dakika chache, akarudi kazini. Mvule wenyewe, ambao mara nyingine huwa na chembe ngumu kama jiwe ndani yake, hautushindi tena.

Mwisho wa mwaka sisi tutaondoka, lakini meza itabaki. Nawaomba ninyi mnaotufuata mfanye mambo mawili tu: futeni mafuta mkimaliza, na msisugue katikati ya jiwe peke yake. Kinolewacho hupata. Wala msingoje kovu liwafundishe, kama lilivyonifundisha mimi.